Benki "imekuandikia": namna ya kuikagua barua pepe kabla hujabonyeza

Zamani barua ya tapeli ulikuwa unaijua kwa lugha yake. "Mpenzi mteja, akaunti yako ina kufungwa kwa ajili ya usalama," nembo imevutwa mpaka imepinda, unacheka, unafuta. Siku hizo zimepita. Leo tapeli anaandikiwa na programu ya akili mnemba, Kiswahili kinatoka kimenyooka, nembo ameichukua kwenye tovuti ya benki yenyewe na rangi ni zilezile. Ushauri wa "angalia makosa ya tahajia" umeshachakaa. Ukiyakuta makosa, shukuru na ufute. Usipoyakuta, bado hujajua lolote.

Vitu vya kukagua ni vile ambavyo tapeli hawezi kuvipamba sana: barua inaomba nini, imetoka anwani gani, na inataka kukupeleka wapi. Nitavipitia kimoja kimoja, nikiwafikiria zaidi wenye akaunti Tanzania na Kenya. Kwa mifano nitatumia benki ya kubuni, tuiite Benki ya Mfano, ambayo anwani yake halali ya mtandaoni ni benkiyamfano.co.tz.

Tuanze na barua yenyewe. Nimeitunga, lakini mtu yeyote anayetumia imeli kikazi atakuwa ameshakutana na ndugu zake:

Kutoka: Benki ya Mfano Huduma kwa Wateja
Mada: MUHIMU: Akaunti yako kusitishwa leo

Ndugu Mteja,
Kufuatia maelekezo ya Benki Kuu, wateja wote wanatakiwa kuhuisha taarifa zao pamoja na namba ya NIDA. Kumbukumbu zetu zinaonesha bado hujakamilisha zoezi hili. Ili akaunti yako isisitishwe, tafadhali huisha taarifa zako kabla ya saa 4:00 jioni leo kupitia kiungo hapa chini.
[HUISHA TAARIFA ZANGU]
Asante kwa kuendelea kutuamini.
Idara ya Usalama wa Akaunti

Hatua ya 1: Soma inachoomba, na inavyokuharakisha

Angalia jinsi chambo kilivyochaguliwa. Benki za kweli huwaomba wateja kuhuisha taarifa. Huenda hata wewe umeshaitwa tawini kupeleka namba ya NIDA au, kwa Kenya, kitambulisho na PIN ya KRA. Kwa hiyo ombi halishtui. Tapeli anachoongeza ni muda. Leo, kabla ya jioni. Benki inayotaka taarifa zako inakupa wiki, wakati mwingine miezi, na inakukumbusha tena na tena. Halafu anaongeza jina la mkubwa, Benki Kuu, ili usithubutu kubisha. Akaunti yako iko kwenye benki ya biashara. Benki Kuu inazisimamia benki hizo na haina habari na kama Bi. Fulani wa Mbagala amehuisha taarifa zake au la.

Na hiyo "saa 4:00 jioni"? Mtu aliyekulia huku angeandika saa 10:00 jioni. Ni bahati tu ukikutana na uzembe wa namna hiyo, usiutegemee.

Chambo cha kuhuisha taarifa ni cha kawaida. Kwa maoni yangu kibaya zaidi ni hiki: "Muamala wa TZS 1,850,000 umefanyika kwenye akaunti yako. Kama si wewe, bonyeza hapa kuusitisha." Kinawanasa watu makini. Mzembe angeipuuza, ila wewe unayejali pesa zako unakimbilia kubonyeza ili kuzuia wizi, na huko ndiko unakoibiwa. Vipo na vitamu: mkopo umeidhinishwa, pesa kutoka nje zimekwama zinasubiri uthibitisho, kadi yako mpya iko tayari. Chambo hubadilika, kinachotakiwa mwishoni ni kilekile. Kuna mambo manne ambayo hakuna benki itakuomba uyaandike kwenye barua pepe au kwenye ukurasa uliofikia kupitia barua pepe: PIN ya kadi, nywila yako, tarakimu 3 za nyuma ya kadi, na namba ya OTP, ile ya kutumika mara moja inayokuja kwa SMS. Ombi la mojawapo likionekana, kazi ya ukaguzi imeisha. Hata kama barua imekutaja majina yako matatu kamili na tawi ulilofungulia akaunti. Taarifa za namna hiyo zinavuja, zinauzwa, na nyingine tunazianika wenyewe Facebook.

Hatua ya 2: Anwani ya mtumaji

Jina linaloonekana juu ya barua, "Benki ya Mfano Huduma kwa Wateja", halithibitishi kitu. Mtu yeyote anaweza kufungua imeli na kujiandika jina hilo. Mimi nikitaka najiandika Gavana wa Benki Kuu sasa hivi. Simu ndizo zinazotuponza hapa, kwa sababu skrini ni ndogo na programu inaonesha jina tu, anwani inafichwa. Gusa jina la mtumaji, au kimshale kilicho karibu na neno "to me" kwenye Gmail, na anwani kamili itafunguka. Ukikuta jina la benki halafu baada ya alama ya @ kuna gmail.com, au jina la kampuni ya mabati ya nchi usiyoijua, basi. Hiyo ya kampuni ya mabati si mzaha: matapeli huiba imeli za kampuni halali ambazo nywila zake ni dhaifu, wakazitumia kutuma barua zao.

Tapeli mwenye bidii zaidi hununua jina linalofanana: benkiyamfano-uhakiki.com, benkiyamfamo.co.tz, au lenye herufi r na n zikiwa zimebanana hadi kuonekana m. Yasome herufi kwa herufi, ikibidi kwa sauti.

Halafu kuna wanaoghushi anwani yenyewe, ikaonekana taarifa@benkiyamfano.co.tz bila kasoro hata moja. Mfumo wa barua pepe ulijengwa zamani, wakati watu waliokuwa wakiandikiana walikuwa wachache na wakiaminiana, na haukuwahi kumuuliza mtumaji kitambulisho. Baadaye ukawekewa viraka vitatu vya kumkagua mtumaji, vinavyoitwa SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawalazimisha watumaji wa barua kwa wingi kuwa navyo vyote. Kama unatumia Gmail kwenye kompyuta, fungua barua, bonyeza vitone vitatu vilivyo upande wa kulia, chagua Show original. Juu kabisa utaona majina hayo matatu na mbele yake PASS au FAIL. Barua inayodai imetoka benki yako halafu DMARC inasema FAIL, itupe.

PASS nayo ina mipaka. Inathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye anwani inayoonekana. Tapeli aliyenunua benkiyamfano-uhakiki.com atapata PASS safi, kwa sababu kweli imetoka kwake. Ndiyo maana unasoma anwani kwanza, PASS baadaye.

Hatua ya 3: Kiungo kinaelekea wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu mtego wenyewe uko hapa.

Maandishi ya kitufe na mahali kitufe kinapokupeleka ni vitu viwili tofauti. Barua inaweza kuandika www.benkiyamfano.co.tz kwa rangi ya bluu na mstari chini, halafu ukibonyeza unatokea kwingine kabisa. Kwenye kompyuta, peleka mshale juu ya kiungo bila kubonyeza. Anwani halisi itaonekana chini ya dirisha, pembe ya kushoto. Kwenye simu, bonyeza kiungo na ushikilie bila kuachia mpaka kisanduku chenye anwani kitokee, isome, kisha ufunge kisanduku. Ukiona vidole vyako ni vizito, subiri ufike kwenye kompyuta.

Sasa, kusoma anwani. Tuseme imetokea hii:

https://benkiyamfano.co.tz.huisha-taarifa.com/ingia

Wengi huanza kushoto, wanaona benkiyamfano.co.tz, roho inatulia. Anwani za mtandaoni husomwa kama majina yetu ya watu: la ukoo liko mwishoni. Fanya hivi. Ruka https:// halafu tafuta mkwaju wa kwanza baada ya hapo, hii alama /. Kila kilicho kulia kwake kiache, hakikuhusu. Sasa rudi kushoto kutoka kwenye mkwaju huo. Unakuta .com, na kabla yake huisha-taarifa. Huyo ndiye mwenye nyumba: huisha-taarifa.com. Yote yaliyo kushoto kwake, likiwemo jina la benki yako, mwenye nyumba anajiandikia apendavyo.

Kwa anwani zinazoishia .co.tz au .co.ke, viruke vipande vyote viwili kisha usome neno linalovitangulia. Ndiyo maana crdbbank.co.tz ni ya CRDB na nmbbank.co.tz ni ya NMB. Wala usishike kanuni kwamba benki ya kwetu lazima iwe na .co.ke au .co.tz: KCB wako kcbgroup.com, na upande wa Kenya ni ke.kcbgroup.com, ambapo hiyo "ke" ya kushoto ni chumba ndani ya nyumba ya kcbgroup. Equity wako equitygroupholdings.com. Iandike mahali anwani ya benki yako wakati huna haraka, kwa kuitoa kwenye fomu za tawini, taarifa ya akaunti iliyochapwa au nyuma ya kadi. Siku ya hofu utakuwa na cha kulinganishia.

Vijanja vingine vya kwenye anwani:

Kistari si nukta. benkiyamfano-tz.com haina uhusiano wowote na benkiyamfano.co.tz, ni jina jingine lililonunuliwa na mtu mwingine.

Alama ya @ katikati ya anwani. Katika https://benkiyamfano.co.tz@huisha-taarifa.com, yote yaliyo kabla ya @ hayahesabiki. Utaishia huisha-taarifa.com.

Viungo vilivyofupishwa, bit.ly na wenzake, vinaficha kila kitu. Sioni sababu ya benki kukufichia anwani yake.

Herufi za alfabeti nyingine. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Xudong Zheng alisajili jina lililosomeka apple.com kwenye vivinjari kadhaa, kumbe herufi zote zilikuwa za Kisirili, zile za Kirusi. Vivinjari vikarekebishwa, ila funzo kwa mteja wa benki ni jepesi: jicho peke yake halitoshi, ndiyo maana hatua ya 5 ipo.

Msimbo wa QR ndani ya barua. Umewekwa pale ili uuskani kwa simu, kichujio cha imeli kisione kiungo, nawe usipate nafasi ya kusoma anwani kwenye kompyuta. Benki inayokuandikia kwenye kifaa ambacho tayari umekishika haina haja ya kukuchanganyia misimbo.

Kuhusu kufuli: kile kialama cha kufuli na https vinamaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa katikati. Kama tovuti ni ya tapeli, unazungumza na tapeli kwa faragha nzuri sana. Vyeti vya https vinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015, na matapeli wanavichukua kama sisi wengine. Mwaka 2023 Google waliamua kuiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome ya kompyuta, kwa sababu watu walikuwa wanaielewa kama muhuri wa uaminifu. Bado nakutana na mabango ya "angalia kufuli". Yapuuze.

Kama una programu ya kutunza nywila, iliyo ndani ya Chrome au simu yako, ina faida ambayo watu hawaizungumzii. Yenyewe hailinganishi nembo wala rangi, inalinganisha anwani. Ukifika kwenye ukurasa "wa benki" ambao siku zote nywila inajijaza yenyewe, halafu leo haijijazi, simama. Usiende kuikopi na kuibandika kwa mkono.

Hatua ya 4: Viambatisho

Kwa mtu wa kawaida kanuni ni fupi: usifungue kiambatisho ambacho hukukitarajia. Lakini wafanyabiashara hawawezi kuishi kwa kanuni hiyo, kwa sababu kazi yao ni kupokea ankara na stakabadhi za malipo kila siku. Ukiwa Kariakoo au Eastleigh unaagiza mzigo Guangzhou au Dubai, barua yenye mada "SWIFT COPY MT103" ni jambo la kawaida. MT103 ni jina la ujumbe wa malipo ambao benki zilitumiana kwa miaka mingi kupitia SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, na matapeli wanajua wafanyabiashara wanalifahamu. Kinachokuja ndani ya faili mara nyingi ni programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta.

Angalia mwisho wa jina la faili. Windows kwa kawaida huficha kipande cha mwisho, kwa hiyo "MT103.pdf.exe" itaonekana "MT103.pdf". Fungua File Explorer, nenda View, washa File name extensions. Fanya hivyo leo kwenye kila kompyuta ya ofisi. Stakabadhi ya benki haiji kama .exe, .iso, .img, .js wala .vbs. Ikija ndani ya .zip au .rar iliyofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye barua, hiyo ni mbinu ya kuvipita vichujio vya virusi. Faili ya Excel au Word inayokuomba ubonyeze Enable Content usiikubalie. Microsoft tangu 2022 wanazizuia macro (programu ndogo zilizofichwa ndani ya faili hizo) za faili zinazotoka mtandaoni, ndiyo maana siku hizi utakuta barua inakupa na maelekezo ya namna ya kuufungua mlango huo.

Moja ambayo watu hawaijui vizuri ni kiambatisho cha .html. Ukikifungua, kivinjari kinakuonesha fomu nzuri ya kuingia benki au ya kuingia kwenye imeli yako "ili kuona stakabadhi". Angalia juu, kwenye sehemu ya anwani. Badala ya https utakuta file:/// kwenye kompyuta au content:// kwenye simu. Maana yake hauko mtandaoni kabisa. Ukurasa umetoka ndani ya kifaa chako, na ukiandika nywila inatumwa kwa aliyeutengeneza.

Barua ya "benki" ikikutaka usakinishe programu, iwe faili ya APK (ya kusakinisha programu kwenye Android) au AnyDesk na TeamViewer, za kuongoza kifaa chako kutoka mbali, ili "fundi akusaidie", usijadiliane nayo.

Hatua ya 5: Nenda benki kwa njia yako mwenyewe

Kama ningeruhusiwa kumwachia mtu hatua moja tu, ningemwachia hii. Mama yangu mdogo hatasoma SPF wala mkwaju wa kwanza, na sitamlazimisha. Anachofanya ni kufunga barua na kufungua programu ya benki iliyoko kwenye simu yake siku zote. Kama akaunti ina tatizo kweli, ataliona humo. Kama kuna muamala wa TZS 1,850,000, utaonekana kwenye orodha ya miamala.

SimBanking, NMB Mkononi, programu ya KCB, yoyote unayotumia, iwe imeshushwa Play Store au App Store. Au andika anwani ya benki kwa mkono kwenye kivinjari. Au piga namba iliyo nyuma ya kadi. Namba iliyoandikwa ndani ya barua usiipige, na usiitafute namba ya huduma kwa wateja kwa kugugo ukiwa na papara: matangazo ya kulipia na kurasa feki za Facebook zinazojiita "Huduma kwa Wateja" zinakusubiri huko. Watu wanalalamika hadharani kwenye ukurasa wa benki, na baada ya dakika chache mtu mwenye nembo ileile anawaandikia inbox.

Faida nyingine ya hatua hii ni kwamba inakuokoa hata barua inapokuwa halali lakini imeandikwa vibaya. Hilo lipo. Benki hutuma matangazo kupitia kampuni za nje, viungo vinatoka na anwani ndefu za ajabu, na anayekagua kwa makini anaona kama utapeli. Huna haja ya kuamua nani ni nani. Ukipita kwa njia yako unafika salama kwa vyovyote.

Soma SMS ya OTP yote

Nimeitenga peke yake kwa sababu hapa ndipo wizi unapokamilika. Kurasa feki za sasa hazihifadhi nywila zikaitumia kesho. Unapoandika nywila yako, mtambo wa tapeli unaipeleka kwenye benki halisi sekunde hiyohiyo. Benki halisi inakutumia OTP halisi. Ukurasa feki unakuomba OTP, unaiandika, na mlango umefunguka. Kwa kuwa OTP imetoka kweli kwa benki, mtu anajihakikishia kwamba kila kitu ni halali.

Tunazoea kuchukua tarakimu tu na kuacha maneno. Yasome. Benki nyingi huandika OTP hiyo ni ya kazi gani: kusajili kifaa kipya, kuongeza mpokeaji, kuidhinisha malipo ya kiasi fulani kwa duka fulani. Kama wewe ulidhani unahuisha namba ya NIDA na SMS inasema malipo ya dola 400, funga kila kitu.

Kama umeshabonyeza

Inategemea ulifika wapi. Kufungua barua tu na kuisoma, bila kubonyeza, mara nyingi hakuna madhara. Ukibonyeza kiungo na kufunga ukurasa bila kuandika kitu, sasisha kivinjari na simu, kisha ufuatilie akaunti yako siku chache.

Ukiandika chochote, aibu iweke kando na uanze na benki. Piga namba ya nyuma ya kadi, sema wazi: "Nimeweka taarifa zangu kwenye ukurasa wa kitapeli, naomba mfunge kadi na huduma ya mtandaoni." Programu nyingi za benki zinakuruhusu kufunga kadi mwenyewe, fanya hivyo wakati simu ya huduma inakupigia muziki. Kama pesa zimeshatoka, taja muamala, kiasi na muda, na uombe namba ya lalamiko lako. Dakika zina maana, kwa sababu pesa iliyohamishwa huwa haikai akaunti moja kwa muda mrefu.

Baada ya hapo badilisha nywila, ukitumia kifaa kingine kama ulifungua kiambatisho. Anza na ya imeli. Mwenye imeli yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu. Ukiwa ndani ya imeli, nenda kwenye mipangilio ya Filters na Forwarding. Tapeli akishaingia hupenda kuweka kanuni ya kimyakimya: barua zote zenye jina la benki zifutwe, au zipelekwe kwake, ili usione taarifa za miamala. Ukikuta kanuni usiyoijua, piga picha ya skrini kisha uifute. Washa na uthibitisho wa hatua mbili.

Simu ikipoteza mtandao ghafla baada ya tukio, wakati wenzako wana mtandao, kimbilia duka la kampuni yako ya simu; huenda laini yako imehamishiwa kwa mtu mwingine, nawe OTP hazikufikii tena. Kwa kupiga *106# Tanzania, au Safaricom kule Kenya, unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuripoti

Usiifute barua kabla hujairipoti. Kwenye Gmail, chagua Report phishing kwenye vitone vitatu, lakini kabla ya hapo itume kwa benki yako kwenye anwani ya malalamiko iliyoko kwenye tovuti yao, kwa njia ya Forward as attachment. Ukiisambaza kawaida, au ukituma picha ya skrini, yale maelezo ya safari ya barua uliyoyaona kwenye Show original yanapotea, nayo ndiyo wachunguzi wanayahitaji.

Kama umepoteza pesa, nenda polisi uchukue namba ya taarifa yako, RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya, kwani benki itaiuliza. Kosa lenyewe liko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na Kenya lina kifungu chake, cha 30, kwenye sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Utapeli uleule ukija kwa SMS, Tanzania utume ujumbe huo kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mteja wa Safaricom autume kwenda 333. Aliyeko Uingereza na ana benki ya huko hutuma barua kwa report@phishing.gov.uk na SMS kwa 7726.

Watu huniambia kuripoti ni kupoteza muda. Septemba na Oktoba 2024 Interpol na Afripol waliendesha Operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika na kukamata watu zaidi ya 1,000. Kenya ilitoa kesi ya wizi wa kadi za benki mtandaoni wenye hasara ya dola milioni 8.6. Kesi kama hizo hujengwa kwa malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Na ukishaibiwa, tegemea simu ya pili. Baada ya siku au wiki kadhaa atapiga mtu mpole, anajitambulisha kuwa wa kitengo cha udanganyifu cha benki au wa polisi wa mtandao, anajua kiasi ulichopoteza na tarehe, na anasema pesa zimepatikana, zinahitaji tu ada ndogo ya kuzifungua au OTP ya kuzirudisha. Anazijua taarifa hizo kwa sababu ni yeye aliyekuibia, au amezinunua kwa aliyekuibia. Kata simu, piga namba ya nyuma ya kadi, uwasomee ile namba ya lalamiko uliyopewa.